Tope Haliogopi Mngurumo

Tope haliogopi mngurumo.

Maneno hayo nilimwambia Ipyana juzi, pikipiki yake ilipozama karibu na kisima naye akawa anavuta resi tu, gurudumu la nyuma likirusha udongo hadi kwenye kitenge changu. Wenzake wawili waliokuwa wanamsukuma walicheka. Ipyana akazima, akajifuta uso, akauliza, "Bibi, hayo maneno tunayasikia kila masika. Nani aliyasema kwanza?" Nikawaambia wakishanawa waje nyumbani. Walikuja, nikawasimulia. Sasa nayaandika vilevile nilivyowasimulia, kwa sababu tuliokuwepo siku ile tumebaki wachache.

Methali hii ilizaliwa hapa hapa Isambya, na mwanzo wake ni siku aliyoondoka dada yangu Tumpale.

Ulikuwa mwezi wa tatu. Tumpale alikuwa na mimba ya pili, na uchungu ulimshika kabla ya wakati. Mkunga alimpapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali upesi. Hospitali iko ng'ambo ya mlima. Nyinyi mnajua kijiji chetu kilivyo. Kimekaa chini kama harage ndani ya chungu, na njia ya kutokea kwa gari ni moja tu, nayo ni mpando wa Kashele. Udongo wa Kashele ni mwekundu. Kiangazi huwa mgumu kama kigae, lakini ukilowa unakuwa mlenda.

Kijiji kilikuwa na pikapu moja, mali ya ushirika wa kahawa. Dereva wake alikuwa Ambakisye, mume wa Tumpale. Tulimlaza dada nyuma juu ya godoro. Mama yetu alikaa kichwani kwake, mimi nikakaa miguuni, na wanaume wakatangulia na majembe. Tulipofika katikati ya Kashele, pale kwenye jiwe lenye umbo la kinu, matairi yalianza kuzunguka mahali pamoja. Ambakisye alikanyaga mafuta. Akakanyaga tena. Injini ilinguruma hivi kwamba watu wa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, walisema baadaye kwamba waliisikia. Gari halikwenda mbele. Lilikwenda chini, likachimba, likachimba, mpaka likakalia tumbo. Kisha kitu kikapasuka ndani ya injini, moshi ukatoka, kukawa kimya.

Wanaume walimbeba Tumpale kwa machela. Hawakufika naye. Tulizika watu wawili katika kaburi moja.

Sisemi zaidi ya hapo kuhusu siku ile.

Baada ya msiba, kijiji kizima kilikuwa na kauli moja: injini haikuwa na nguvu. Wengine waliongeza jingine kwa sauti ya chini, kwamba dereva angekanyaga zaidi kidogo, pengine lingetoka. Hayo ya chini ndiyo yaliyomfikia Ambakisye. Alikabidhi funguo kwa mwenyekiti, akarudi kwenye migomba yake. Nilipokuwa nikienda kumwona, nilimkuta amekaa barazani, na mguu wake wa kulia ukikandamiza sakafu polepole, ukikandamiza na kuachia, mwenyewe hajui. Binti yake Bupe, aliyekuwa bado mdogo, alizoea kwenda kukaa juu ya mguu ule ili utulie.

Mama yetu alikuwa akimpelekea chakula. Lakini wakati ule, hapa kwetu, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakuwa wakisemezana uso kwa uso. Ilikuwa heshima. Kama mama alikuwa na jambo la kumwambia mkwewe, aliliambia jiwe, au kuku, au mtoto, na mkwe aliyekuwa karibu akasikia. Mambo madogo kama chumvi na kuni hupita vizuri kwa njia hiyo. Jambo kubwa kama lile halikuwa limepata pa kupitia. Mwaka mzima mama aliweka chungu mlangoni, akamwambia Bupe, "Mwambie baba yako ale," akaondoka.

Mwaka uliofuata kahawa ilizaa vizuri. Ushirika ukaamua kabla ya jambo lingine lolote kununua pikapu nyingine, pikapu ya kazi nzito, ya kupanda Kashele wakati wa mvua. Haikuwa kwa ajili ya kahawa tu. Kulikuwa na wake wenye mimba katika karibu kila kitongoji, na kila mmoja wao alikuwa akiitazama Kashele kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani asiyefungwa.

Mwenyekiti wetu, Mzee Kabuje, alikwenda Mbeya akaongea na muuzaji mmoja aliyeitwa Bwana Mwaisumo. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye tumbo la heshima na viatu vyeupe. Badala ya kutuambia twende tukachague Mbeya, alituletea pikapu mbili hadi kijijini, moja akiendesha yeye na nyingine kijana wake wa gereji. Mvua zilikuwa zimepumzika wiki hiyo na njia ilikuwa kavu, kwa hiyo walishuka Kashele bila shida, wakaegesha mbele ya ghala la ushirika. Watu wote wakaja.

"Msihangaike na rangi," alisema Bwana Mwaisumo. "Gari ni lile lile. Chesisi moja, bodi moja, matairi mapya aina moja, na yote mawili yanavuta kwa magurudumu manne. Mnachochagua ni moyo. Hii nyeupe injini yake ni ya silinda nne, ina tabo, kile kipulizo kinachosukuma hewa ndani ili dizeli iwake kwa hasira. Hii ya kijivu ni silinda sita, haina tabo. Injini kubwa, nzito, ya mtindo wa zamani. Inakunywa zaidi kidogo, na haina haraka."

"Yenye nguvu ni ipi?" aliuliza Mzee Kabuje.

"Ukipima kwa nguvu za farasi, nyeupe inaipita kijivu mbali."

Akaingia ndani ya nyeupe, akaiwasha, akakanyaga. Ilianza na mluzi mwembamba, halafu ikafunguka. Milima yote ya Isambya ikaitika. Watoto walicheza, na wazee wawili waliokuwa wamekaa walisimama.

Ni lazima mwelewe jambo moja hapa, la sivyo mtatuona wajinga. Kijiji kilicho ndani ya chungu huishi kwa masikio. Gari la ushirika tulikuwa tukilisikia kabla ya kuliona, likiwa bado nyuma ya mlima. Na kila aliyekuwa na mgonjwa, au mtoto shuleni, au mzigo wa mbolea, alijua kwamba sauti ile ni habari njema. Kadiri ilivyosikika ndivyo tulivyofurahi. Kwa hiyo tulikuwa tumejifunza, bila mtu kutufundisha, kwamba gari lenye sauti ndilo gari lenye nguvu.

Kisha akawasha ile ya kijivu. Ilisikika kama mwanamke mzima anayetwanga mahindi huku anawaza mambo mengine.

"Hiyo imeamka kweli, au bado inaota?" mtu aliuliza, watu wakacheka.

Mzee Kabuje hakutaka maneno marefu. "Wanaotaka nyeupe wanyooshe mikono."

Mikono ilipanda kama mahindi. Mimi pia nilinyoosha. Nilitaka sauti ile iende ikaitishe Kashele. Ambakisye alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na ukuta wa ghala, na hakunyoosha kwa hii wala kwa ile.

Ndipo Mama Gwamaka aliposimama. Huyu alikuwa jirani yetu, muuza togwa, mwanamke ambaye hata msibani watu walikaa mbali naye ili wasicheke. Mke wa mwanawe Gwamaka alikuwa na mimba kubwa.

"Bwana Mwaisumo, kabla mkono wangu haujapanda," alisema. "Hao farasi unaowahesabu, mimi sijawahi kumwona hata mmoja. Hapa tuna ng'ombe. Tueleze kwa ng'ombe."

Bwana Mwaisumo alicheka hadi tumbo likatikisika. "Mama, kwa ng'ombe mimi sijui kupima."

"Basi waachie wanaojua. Mwenyekiti, yule maksai wako mwekundu, ulimnunua kwa kusikiliza anavyolia?"

Mzee Kabuje alivua kofia, akajikuna. "Nilimwonja."

"Ukamwonjea wapi?"

"Kashele, wapi tena?"

"Kukiwa kukavu?"

"Sasa wewe mama, nani anaonja ng'ombe kukavu?"

"Hilo tu nilitaka kulisikia," alisema Mama Gwamaka, akakaa.

Mikono ikaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine. Watu walitazamana kama waliokaribia kutoka nyumbani bila nguo.

Nyinyi hamjamwona ng'ombe akionjwa, kwa sababu siku hizi mnalima kwa trekta dogo. Zamani mtu hakununua maksai Isambya bila kumwonja. Kwanza ilisubiriwa mvua. Kisha ng'ombe alifungwa panda, yaani shina la mti lenye matawi mawili linaloburutwa chini, na kila nyumba ikaleta mzigo wake kuweka juu, kwa sababu ng'ombe ni wa mtu mmoja lakini atawavutia wote. Akapandishwa Kashele. Katikati ya mpando akasimamishwa, pale pabaya, halafu akaambiwa aondoke tena akiwa amesimama. Hapo ndipo ng'ombe anapojulikana. Tena yule atakayelima naye ndiye anayemwongoza, si muuzaji. Na jambo la mwisho: hakuna kupiga kelele wala fimbo. Wazee walisema ng'ombe anayehitaji kelele siku ya kuonjwa atazihitaji maisha yake yote.

Bwana Mwaisumo alielezwa haya yote. Akatazama mbingu, ilikuwa nyeupe bila wingu. Akatazama viatu vyake.

"Kwa hiyo nasubiri mvua."

"Mvua haikawii," alisema Mzee Kabuje. "Unapenda viazi?"

"Nitapenda."

Alikula viazi vyetu siku kadhaa, akazoea watu, akamfundisha Bupe kupiga honi. Mtu mwingine angepakia magari yake akaondoka. Yeye alisema tangu aanze biashara hajawahi kuona gari likionjwa, na hangependa kusimuliwa.

Mvua ilikuja, ikanyesha kutwa. Kesho yake asubuhi Kashele ilikuwa inang'aa.

Kila nyumba ilileta mzigo: magunia ya kahawa, viazi, mawe ya msingi wa zahanati, hata kitanda cha chuma cha mwalimu. Vilipakiwa kwanza kwenye nyeupe. Zamu ya nyumba yetu ilipofika, mama alikuja mikono mitupu, amejifunga kanga mbili, na fimbo yake mkononi.

"Nyumba yangu mwaka huu haina gunia," alisema. "Mzigo wangu ni mimi."

Mzee Kabuje alijaribu. "Mama, basi kaa mbele, kwenye kiti."

"Gunia halikai mbele."

Akapanda nyuma, akakaa juu ya magunia, mahali palepale alipokaa mwaka uliotangulia, mgongo kwenye kibanda cha dereva.

Ikabaki kupata wa kuongoza. Kila mtu alijua kanuni, na kila mtu alitazama chini. Ambakisye alikuwa amesimama kwenye matone ya paa la ghala.

"Mimi niliacha," alisema.

Mama aligeuza uso kuelekea kwenye mibuni, akamwambia Bupe aliyekuwa ameshika mkono wangu, "Mjukuu wangu, mwambie mwenye gari kwamba mzigo umeshapanda."

Bupe alikimbia akamwambia. Ambakisye alisimama kidogo. Kisha akaja, akafungua mlango wa nyeupe, akaingia.

Sisi tulipanda kwa miguu pembeni, kwenye majani. Nyeupe ilianza vizuri. Sehemu ya chini ya Kashele ilipanda kwa kishindo, na tukasahau kanuni ya kunyamaza. Watu walishangilia. Milima ikashangilia pamoja nao. Pale karibu na jiwe la kinu, Mzee Kabuje aliinua mkono, gari likasimama. Akashusha mkono. Ambakisye akaachia klachi taratibu, injini ikatetemeka, ikataka kuzima. Akaongeza mafuta kidogo, bado. Akaongeza.

"Ipe moto," alisema Bwana Mwaisumo, anakimbia pembeni na viatu vimeshakuwa vyekundu. "Ngoja tabo ichanganye."

Tabo ikachanganya. Ule mluzi ukaja, na nyuma yake nguvu zote zikaja kwa mara moja kama watu wanaotoka kanisani kwa mlango mmoja. Matairi manne yakazunguka pamoja. Udongo uliruka hadi juu ya vichwa vyetu. Injini ilinguruma ajabu, nzuri, bado naisikia. Na gari likaanza kwenda chini. Likachimba, likachimba, na kelele zetu zikaisha moja moja, mpaka ikabaki ya injini peke yake.

Ambakisye alizima. Kukawa na kimya kilekile cha mwaka jana.

Alishuka, akasimama kando ya mlango. "Nimekanyaga," alisema, hamwambii mtu. "Hata leo nimekanyaga."

Watu waliona haya kumtazama.

Mama aliteremka kutoka nyuma bila kushikwa mkono. Matope yalimfika magotini. Hakumtazama mkwewe. Alinyoosha fimbo yake, akalipiga tope lililokuwa mbele ya gurudumu, mara moja, kama mtu anayemwamsha mlevi.

"Wewe tope," alisema, kwa sauti ambayo watu wote wa pembeni waliisikia. "Mwaka jana mwanangu alinguruma juu yako mpaka chuma kikapasuka. Leo amenguruma tena, kwa chuma kikubwa kuliko kile. Watu wote wamekuwepo na wameona. Haukuwa mguu wake. Tope haliogopi mngurumo."

Ndivyo yalivyosemwa mara ya kwanza, pale kwenye jiwe la kinu, na yalisemwa kwa tope kwa sababu hayakuweza kusemwa kwa mtu.

Ambakisye alikuwa amemgeuzia mgongo, kama heshima ilivyotaka. Niliona mabega yake yakishuka. Aliweka mkono juu ya boneti, akakaa hivyo kitambo kirefu. Hakuna aliyemharakisha.

Tuliiondoa nyeupe kwa kamba, na maksai mwekundu wa Mzee Kabuje akasaidia, jambo ambalo Mama Gwamaka hakuliacha lipite. "Bwana Mwaisumo, huyo unamhesabu farasi wangapi?"

"Leo, mama, huyo ni zizi zima."

Mizigo yote ikahamishiwa kwenye kijivu, kitanda cha mwalimu kikiwa cha mwisho. Mama akapanda tena juu ya magunia. Ambakisye akaingia kabla hajaitwa.

Safari hii tulinyamaza. Hakuna aliyetukumbusha. Kijivu ilianza kupanda ikitwanga mahindi yake, duku, duku, duku, katika ile gia ndogo kabisa ya milimani. Ilikwenda polepole hata tulioko kwa miguu tulilazimika kuisubiri. Mama Gwamaka aliniinamia sikioni.

"Inapanda au imesimama?"

"Inapanda."

"Mbona haisemi?"

Tulifika kwenye jiwe la kinu. Njia ilikuwa imechimbwa vibaya zaidi kuliko mwanzo, na mashimo ya nyeupe yalikuwa yamejaa maji. Mzee Kabuje alikuwa amesimama mbele kidogo, penye kokoto, na nadhani alikusudia kulisimamisha gari pale penye nafuu. Mkono wake bado ulikuwa chini. Lakini mama aliinua fimbo, akagonga paa la kibanda mara moja. Kwa kila aliyewahi kupanda nyuma ya pikapu, kugonga mara moja ni simama.

Ambakisye alisimama. Alisimama ndani ya mashimo yaleyale.

Mvua ndogo ilikuwa imeanza. Nilikuwa karibu na mlango wa dereva, na kioo kilikuwa wazi. Mama alikuwa ameinua uso wake, anatazama juu ya Kashele, mahali tulipokuwa tukienda mwaka ule. Nilidhani atalia. Hakulia. Alijipanga vizuri juu ya gunia, akavuta kanga yake, akagonga paa mara mbili.

Mara mbili ni twende.

Nilimwona Ambakisye akiutoa mguu wake wa kulia kwenye mafuta. Aliutoa kabisa, akauweka pembeni, ukatulia pale kwenye sakafu ya gari bila kukandamiza kitu. Kisha kwa mguu wa kushoto akaachia klachi, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Injini ikashuka sauti kidogo, duku, halafu duku. Gari lote likajikaza. Gurudumu la mbele likageuka nusu, udongo ukabanwa chini yake badala ya kuruka, na jiwe la kinu, ambalo nilikuwa nikilitazama ili nisitazame kitu kingine, likaanza kurudi nyuma.

Jiwe lilipita mlangoni, likapita bodi, likapita mama, likabaki nyuma.

Tulitembea kando ya gari lile bila kusema neno, kijiji kizima, kama watu wanaosindikiza bibi harusi anayelala. Lilipofika juu kabisa, kwenye upepo, penye njia ya tambarare ielekeayo hospitali, Ambakisye alivuta breki ya mkono. Ndipo mama mwenyewe, mwenye msiba, aliposimama juu ya magunia akapiga kigelegele cha kwanza. Vilivyofuata sijui niviandikeje. Kashele haijawahi kusikia vile. Wanaume walirusha kofia kwenye matope. Mzee Kabuje alimkumbatia Bwana Mwaisumo, na Bwana Mwaisumo, viatu vyake vimekwisha, alicheka kuliko wote.

"Sasa tuambie," alisema Mzee Kabuje. "Ile yenye farasi wengi imeshindwaje na hii?"

"Haikushindwa na hii, mzee. Imeshindwa na mahali. Ile nguvu zake zinakaa ghorofani. Lazima injini ikimbie kwanza ndipo izifikie, na zikishuka zinashuka zote pamoja, tairi linateleza. Nenda nayo kwenye lami, utanishukuru. Hii nguvu zake zinakaa mlangoni. Ukigonga tu, zimefungua." Akatikisa kichwa. "Nilikuwa naijua hiyo. Lakini mliniuliza yenye nguvu ni ipi. Hamkuniuliza nguvu za wapi."

Tulinunua ya kijivu. Tukaiita Maksai. Bwana Mwaisumo aliondoka na nyeupe siku Kashele ilipokauka, na tangu hapo kila mteja wa milimani aliyekwenda kwake alimwuliza kwanza, "Kwenu tope likoje?"

Ambakisye alirudishiwa funguo. Mvua za mwaka huo zilikuwa kubwa, na zikiwa bado katikati, mke wa Gwamaka alishikwa na uchungu. Maksai ilimpandisha Kashele ikitwanga, mama mkwe wake amekaa nyuma juu ya godoro, na safari nzima, mkitaka kuamini, Mama Gwamaka hakufanya mzaha hata mmoja. Siku waliyorudi hatukuwasikia wanakuja. Tuliona tu gari limeshafika ghalani, na mke wa Gwamaka anashuka na mtoto wa kiume amemfunika kwa kanga.

Mtoto huyo ni wewe, Ipyana. Ndiyo maana maneno yale nilikwambia wewe.

Nilipofika hapo, Ipyana akauliza kama bibi yake, Mama Gwamaka, alikuwa akiogopa siku ile, nikamwambia ndiyo, sana.

Mama yetu hayupo tena. Mama Gwamaka hayupo. Ambakisye tulimzika mwaka juzi, karibu na Tumpale. Ukikuta mtu hapa kijijini anafoka kikaoni ili apewe shamba, au mume anampigia mke meza ili ashindwe hoja, utamsikia mzee mmoja akisema yale maneno, na kikao kinacheka, na mwenye kufoka anakaa. Wengi hawajui kwamba hayakuanza kama maneno ya kumnyamazisha mtu. Yalianza kama maneno ya kumtua mtu mzigo.

Tope haliogopi mngurumo.

Injini ya Maksai ni ileile. Siku hizi anaiendesha Bupe, na kesho ni siku ya kliniki, kwa hiyo wajawazito wote wawe mbele ya ghala asubuhi.